Jinsi ya Kuwa Kambale wa Pekee

Simama kwenye lango la chuo chochote hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, siku majina ya waliopokelewa yanapobandikwa, kisha ita kwa sauti, "Kambale!" Watakaogeuka ni wengi kuliko wasiogeuka, na hao wasiogeuka ni akina Kasereka na Kakule wanaongoja zamu yao. Wazee wetu Wayira hawakutaka kuhangaika na majina. Mwana wa kwanza wa kiume ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na hivyo hivyo mpaka mama aseme basi. Wasichana nao wana orodha yao, akina Masika, Kavira na Kahindo. Mtu akikutajia jina umeshajua amekaa wapi katika foleni ya kwao, na mara nyingi ni hilo tu utakalojua.

Sasa mpwa wangu, ambaye ni Kambale kama ulivyokwisha kukisia, aliniletea simu yake jioni moja nikiwa nakunywa chai. Anaomba shule ya biashara ng'ambo, masta ile wanayoiita MBA. Fomu ilikuwa imemuuliza, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi, ni kitu gani kinachomtofautisha na waombaji wengine wote. Tangu asubuhi alikuwa ameandika sentensi moja: "Mimi ni mtoto wa pili." Akaniuliza, "Mjomba, hii inatosha?"

Haitoshi. Ndiyo maana nimeketi kuandika mwongozo huu, kwa ajili yake na kwa ajili ya Kambale wengine wote walioko Butembo, Beni na vijiji vya katikati. Nitangaze mapema kwamba mimi mwenyewe sijawahi kupokelewa na shule yoyote ya biashara, ila sioni kwa nini jambo dogo kama hilo linizuie. Wanaofundisha kuomba shule hizo kwenye video, nao sijaviona vyeti vyao.

Tuanze na jina. Usilibadili. Wako waliofikiri wakivuka mpaka pale Kasindi mambo yatakuwa mepesi. Kweli, ukishakanyaga Mpondwe Kambale anakuwa Bwambale na Kasereka anakuwa Masereka, kwa kuwa Wakonzo wa Uganda ni ndugu zetu wa damu na wa orodha. Lakini Kasese imejaa akina Bwambale. Utakuwa umebadili herufi mbili, umelipia gari, na umepoteza saa moja, maana Uganda saa zao ziko mbele yetu.

Jambo la pili ni neno lenyewe. Ng'ambo wanataka mwombaji aliye tofauti, mwenye upekee. Kwetu neno lililo karibu na hilo ni distinksion, na lina maana moja tu isiyojadiliwa: asilimia 70. Siku ya proklamasio katibu wa jopo anasimama na karatasi zake, anasoma waliopata satisfaksion, kisha distinksion, na kama mwaka umebarikiwa, mmoja wa grandi distinksion. Nje akina mama wanangoja na makopo ya poda. Ukitoka unamwagiwa kichwani, unageuka mweupe kama mwashi aliyeangukiwa na mfuko wa saruji, na unazunguka mji mzima hivyo hivyo juu ya pikipiki, ukipigiwa honi. Hapo ndipo umekuwa tofauti. Kila mtu amekuona.

Peleka sasa hiyo 70 yako Marekani. Huko 70 ni ya mtoto aliyekuwa akisinzia darasani. Wanaisoma kama C na kuipitisha kwenye rundo jingine. Kwa hiyo nenda chuoni kwako uombe barua rasmi inayoeleza jinsi alama zinavyotolewa kwetu, darasa lenu lilikuwa na watu wangapi, wangapi walifika 70, na wewe ulikuwa wa ngapi. (Huu ni ushauri wa kweli. Umejipenyeza humu kwa bahati mbaya, usiuzoee.)

Angalia lakini jinsi mambo yalivyo hapa nyumbani. Ukienda kuomba kitivo cha uchumi na menejimenti pale Graben, Chuo Kikuu cha Kikatoliki kilichoanzishwa mwaka 1989 kwa juhudi za Askofu Emmanuel Kataliko, mtu wa kwanza kukutana naye ni apariteri, karani wa uandikishaji. Apariteri hana haja na ndoto zako. Anataka nakala ya diploma ya serikali, bultini za miaka ya mwisho, picha za pasipoti na risiti ya malipo. Ukimwambia kwamba tangu utotoni umekuwa na shauku ya kubadilisha uchumi wa bara la Afrika, atakuuliza picha ziko wapi. Ukienda ISC kule Beni, au chuo cha Kikristo cha lugha mbili, UCBC, ambako angalau Kiingereza utakipata pamoja na Kifaransa, bado utaulizwa picha ziko wapi. Hii ndiyo sababu vijana wetu wanafika mbele ya fomu ya ng'ambo wakiwa uchi. Miaka yote wameulizwa wamepata ngapi. Sasa wanaulizwa wao ni nani.

Na mtu akiulizwa yeye ni nani hapa Butembo, anakimbilia sekretaria publiki.

Unavijua vibanda hivyo. Viko karibu na kila chuo na kila ofisi ya serikali: kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa, printa moja inayokohoa, jenereta nje iliyofungwa mnyororo kama mbuzi. Dada wa kupiga saisi anakukaribisha, anakuuliza jina lako na jina la unakoomba, basi. Mengine anayo. Kuna faili pale kwenye kompyuta lenye barua ya motisha ambayo imekwisha kuombea nusu ya mji. Ndani yake yumo kijana mwenye ari, mwepesi wa kujifunza, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo, mwenye moyo wa kushirikiana na wengine. Nimewahi kukaa kwenye kibanda hicho alasiri moja nikingoja nakala zangu. Barua mbili zilitoka kwenye printa zikifuatana. Ya kwanza ilikuwa ya kuomba nafasi ya masomo ya uchumi, ya pili ya kuomba udereva kwenye shirika. Wote wawili walikuwa na ari ile ile. Wote wawili walikuwa wameota tangu utotoni kusimamia rasilimali. Na yule wa uchumi, mwanamume mwenye ndevu aliyekuwa amesimama mbele yangu, barua yake ilimalizikia chini kabisa, penye sahihi, kwa jina la Kavira.

Usicheke sana. Wako watu London na New York wanaolipwa maelfu ya dola na familia za waombaji kwa kazi ile ile, wakiwa na faili lile lile, tofauti ni kwamba jenereta yao haipigi kelele. Kila mwaka wanafundisha maelfu ya vijana kuwa tofauti kwa hatua zile zile. Anza na tukio la kushtua. Taja kosa ulilofanya, lakini liwe kosa la kupendeza, kama vile kufanya kazi kupita kiasi. Malizia na ndoto kubwa yenye jina la bara. Ukizipanga insha hizo mezani zinakuwa kama sare za shule.

Twende kwenye maswali yenyewe. Stanford kwa miaka mingi wamekuwa wakiuliza ni jambo gani lililo muhimu kwako kuliko yote, na kwa nini. Usijibu kwa ukweli. Mtu wa Beni akijibu kwa ukweli ataandika, "Kulala usiku mzima," na kwenye "kwa nini" ataacha wazi, kwa kuwa kwao hakuna anayeuliza kwa nini. Harvard nao tangu mwaka 2024 wanataka insha fupi tatu, moja kuhusu akili yako ya biashara, moja uongozi, moja jinsi unavyokua. Ya kwanza maneno 300, zilizobaki 250 kila moja. Jumla 800. Mzee wetu akisimama kwenye kikao cha mahari, maneno 800 yanaishia kwenye salamu, na bado hajaeleza wamekuja na mbuzi wangapi.

Kuhusu uongozi usiwe na hofu. Hapa kwetu kila mtu amewahi kuongoza kitu, ni suala la kukipatia vazi. Ulikuwa Beni tarehe 30 Desemba 2018? Serikali ilikuwa imeahirisha uchaguzi wa rais kwa Beni na Butembo hadi Machi mwaka uliofuata, kwa sababu ya Ebola na usalama, wakati karibu nchi nyingine yote inapiga kura. Watu wa Beni wakajiwekea uchaguzi wao. Wakajipanga foleni, wakanawa mikono mlangoni, wakapiga kura kwenye masanduku ya kujitengenezea, wakahesabu. Kura hizo hazikuhesabiwa Kinshasa na kila aliyekuwa kwenye foleni alilijua hilo. Kama ulikuwepo, hata kama kazi yako ilikuwa kushika ndoo ya maji ya klorini, andika kwamba ulisimamia mchakato wa ushirikishwaji wa jamii. Ama uandike kwamba ulishika ndoo. Mimi ningependa ya ndoo, lakini mimi si kamati ya shule.

Ebola yenyewe ni hazina kwa mwandishi wa wasifu. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaanzia Mangina, ikamalizika tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imewapata watu 3,470 na kuua 2,287. Katikati ya msiba huo kulikuwa na kazi, na kazi zilikuwa za dola. Sijui kijana wa rika lile ambaye hakuwahi kufanya jambo lolote kwenye riposti, yaani mapambano dhidi ya Ebola: kuendesha, kutafsiri, kupulizia dawa, kuelekeza kipimajoto kwenye vipaji vya nyuso barabarani. Huyo wa kipimajoto leo kwenye wasifu wake ni afisa wa uchunguzi wa afya ya umma. Sina ugomvi naye. Alisimama kwenye kizuizi jua likiwaka, watu wakimtukana, wengine wakimrushia mawe kwa kuwa waliamini yeye ndiye anayeuleta ugonjwa, na jioni alirudi kulala kati ya hao hao waliomtukana. Kwenye fomu yote hayo yanakuwa "ustadi wa mawasiliano".

Halafu kuna vita. Hapa mwongozo wangu unapata kigugumizi.

Wataalamu wa video hawana kigugumizi. Kwao vita ni mtaji. Wewe unatoka Beni, wanasema, mauaji yanaendelea tangu Oktoba 2014, una hadithi ambayo mtoto wa Boston hana, itumie. Wanasahau kwamba wewe na mwombaji mwenzako wa Oicha, wa Mbau, wa Eringeti, mna hadithi ile ile. Ukiwa nayo hapa hakuna anayekutazama mara mbili. Ukishuka kwenye basi Kampala nayo, umekuwa wa pekee.

Nilimsaidia msichana mmoja wa Beni na insha ya namna hiyo. Alikuwa ameandika kuhusu shangazi yake aliyeuawa shambani. Insha nzuri, yenye jina la shangazi, shamba lilipokuwa, na alichokuwa amekwenda kuvuna asubuhi ile, kakao. Ilikuwa maneno 340, na fomu ilitaka 300. Tukaanza kupunguza. Kilichoondoka kwanza ni jina la shangazi, kwa kuwa wasomaji hawamjui. Kisha jina la kijiji, hawakijui pia. Kisha kakao, kwa kuwa haikuwa na uhusiano na uongozi. Tulipofika 300 kamili kulikuwa kumebaki mtu aliyepoteza jamaa na kujifunza ustahimilivu. Tukaitazama ile sentensi sote wawili. Msichana akavuta kompyuta akafuta yote, akaandika upya kuhusu kakao: nani hununua, kwa bei gani, nani huivusha Kasindi, kwa nini mwenye shamba hupata kidogo kuliko mwenye lori, na kwamba aliyemfundisha kuyajua hayo ni shangazi, aliyetajwa kwa jina. Kamati hizo zinasoma neno ustahimilivu kila siku tangu asubuhi hadi jioni. Bei ya kakao ya Mbau hawajaisoma.

Baada ya hapo nilimrudia mpwa wangu na kumwuliza swali ambalo fomu haikuuliza: unajua nini?

Akasema hajui kitu, amefanya kazi kwenye depo tu.

Depo tu! Butembo ina shule ya biashara iliyo ya zamani kuliko vyuo vyake vyote, na haina fomu. Mtoto anashuka kutoka milima ya Lubero na begi moja, anapokelewa kwenye depo ya ndugu wa baba yake. Mwanzoni anafagia, anahesabu makatoni, analala juu ya marobota ya nguo akilinda mzigo. Mshahara wa maana hana. Baadaye anatumwa benki na bahasha, na hakuna anayemwambia kwamba huo ndio mtihani. Miaka ikipita, mzee anampa katoni ishirini za sabuni kwa mkopo, bila karatasi, na kumwonyesha kibanda cha kuuzia. Akirudisha fedha anapewa arobaini. Asiporudisha, hakuna atakayempeleka mahakamani. Ni kwamba tu hatafunguliwa tena mlango wa depo yoyote kutoka hapa hadi mpakani.

Kwa shule hiyo mji huu ulipeleka mboga za milima kwa ndege hadi Kinshasa tangu enzi za Mobutu. Kwa shule hiyo ulikwenda kufuata vitenge, pikipiki na mabati Dubai, kisha Guangzhou, makontena yakishuka Mombasa, yakipita Kampala, yakiingilia Kasindi. Wakati wa vita vilivyoanza 1998, wakubwa wa biashara wa hapa waliulipa utawala wa waasi wa RCD-K/ML fedha za ushuru hata kabla mizigo haijafika, nao wakapunguziwa. Maprofesa wameutafuta mji huu kwa sababu hiyo. Janet MacGaffey aliwaandika wafanyabiashara Wanande, jina jingine la sisi Wayira, katika miaka ya 1980, na mwaka 2014 Timothy Raeymaekers akatoa kitabu kizima kuhusu Butembo. Wao wana majina marefu ya jambo hilo. Sisi tuliliita kumlisha mbwa kabla hajabweka.

Katika shule hiyo hakuna anayesifiwa kwa kuwa tofauti. Sifa kubwa kuliko zote, inayofungua depo, inayokupatia mkopo wa mtu usiyemjua mwenye duka Kasindi, ni maneno matatu: "Ni mtoto wetu." Anayesema hivyo ameweka jina lake rehani juu yako. Na ukiyatafsiri maneno hayo ukayaweka kwenye fomu, hayana thamani yoyote.

Nalijua hilo kwa sababu tulimwomba patro wa mpwa wangu, mzee mwenye depo, awe mdhamini wake. Shule nyingi zinataka wadhamini wawili, na wanapendelea mtu aliyekusimamia kazini. Mzee hana anwani ya barua pepe. Tukamfungulia moja, tukamsomea maswali kwa Kiyira. Swali moja lilimtaka ampime kijana akimlinganisha na wenzake: je, yumo kwenye wachache walio bora kabisa, ama katikati, ama chini? Mzee akavua miwani.

"Wenzake nani?"

"Wale anaofanya kazi nao, patro."

"Kasereka wangu na mtoto wa mjane wa Furu?"

"Ndiyo."

"Nikimweka huyu juu yao, hao wengine nitawaambia nini? Mama zao wananunua hapa."

Tukamweleza kwamba hawataona. Akasema yeye ataona. Mwisho akakubali kutuma sauti kwa WhatsApp, tuisikilize na kuitafsiri. Ilikuwa ya dakika nne. Dakika tatu ni salamu, mvua, na hali ya barabara ya Goma. Katika dakika ya nne alisema: "Huyu ni mtoto wetu. Siku moja nilikosea kuhesabu nikampa dola mia zaidi. Alikuja usiku kwa miguu, mvua inanyesha, akanigongea. Nilifikiri ni wezi. Andikeni hivyo."

Mpwa wangu alitaka kuiondoa. Kurudisha fedha za watu si uongozi, akasema, na isitoshe alikuwa ameaibika kwa jinsi mzee alivyomfungulia na panga mkononi. Nikamwambia akigusa sentensi hiyo sitamsaidia tena. Na panga nalo tukaliweka.

Mama yake naye tulimtembelea. Mpwa wangu alikuwa amekwisha mwandika kama "mwanzilishi mwenza wa jukwaa la fedha za kijamii." Maana yake, mama ni mweka hazina wa AVEC, kikundi cha kuweka na kukopa, mtaani, wanawake ishirini na tano wanaokutana kila wiki chini ya mwembe na sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa wanawake watatu wasioelewana vizuri. Ndiyo siri ya mfumo. Sanduku lenyewe analitunza wa nne. Kila mmoja ana kitabu chake kinachogongwa mihuri, hata asiyejua kusoma anajua ana mihuri mingapi. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, na sasa uko kila kona ya Afrika. Mama alipotafsiriwa cheo chake kipya aliuliza kama hilo jukwaa linalipwa. Kisha akatueleza, bila kuulizwa, jinsi walivyoshughulika na mwanachama aliyekopa kwa ajili ya mbegu akaugua: nani aliguna, nani aliyezungumza kwanza, walimwongezea majuma mangapi, na kwa nini hawakutoza faini. Tulimaliza ukurasa mzima. Neno jukwaa halikurudi tena.

Hayo mengine nitayapitia haraka. Mtihani wa GMAT, jifunze hesabu, ushangae kidogo kwamba tangu waubadilishe alama zote zinaishia na 5, kuanzia 205 hadi 805, kisha usahau. Diploma yako ni ya Kifaransa, tafuta mtafsiri aliyeapishwa, na anza mapema kwa kuwa muhuri wake huwa umesafiri. Usaili wa video, kaa penye mtandao, wafungie kuku, na mwambie jirani asitwange wakati huo.

Malipo ndiyo mchezo. Ada ya kuomba tu pale Harvard ni dola 250. Kwanza waandikie uombe usamehewe, wanayo njia hiyo kwa wenye uhitaji, na haina aibu. Ukinyimwa, zitafute. Lakini zitafute kwa kadi. Unaweza kuwa na dola 250 mkononi hapa Butembo, noti mpya zisizo na mkunjo wala mchaniko wa milimita moja, zile ambazo hata muuza unga anazikubali bila kuziinua juani, na bado zisifike Boston. Ukizipeleka kwa mwenye kadi atataka chake. Ni biashara, naye ana shule yake.

Halafu saa. Dirisha la kwanza la Harvard hufungwa mwanzoni mwa Septemba, saa sita mchana ya Boston. Hapa ni saa kumi na mbili jioni, jua linapotua nyuma ya vilima, watu wote wametoka kazini na siberi ya mtandao imejaa watoto wanaotazama mpira. Nenda saa nane. Beba lita mbili za mafuta, mwenye jenereta atakushukuru. Na kabla ya kubonyeza, shuka hadi mstari wa mwisho uhakikishe jina lililo pale ni lako, si la Kavira.